San Luis, Arizona: Mji Unaoamka Saa Saba Usiku

Barabara kuu namba 95 huanzia mpakani mwa Kanada, katika jimbo la Idaho, hushuka milima na majangwa yote ya magharibi ya Marekani, kisha hugota kwenye lango la Meksiko. Pale inapogota ndipo ulipo mji wa San Luis, Arizona. Madereva wenzangu wengi hawautaji kwa jina. Husema tu "naenda Yuma", kwa kuwa Yuma ndiyo makao makuu ya wilaya na ina maghala yenye majina makubwa. Mzigo tunaoufuata huko ni majani: saladi, spinachi, brokoli, koliflawa. Kuanzia Novemba hadi Machi, bonde la Yuma hutoa takriban asilimia 90 ya mboga za majani zinazoliwa Marekani na Kanada. Anayekula baga Chicago mwezi wa Januari, nje theluji imefika magotini, anatafuna jani lililokatwa jangwani wiki ileile au iliyotangulia.

Mimi ni dereva wa trela la friji. Nimezaliwa Tunduma, sasa naishi Phoenix, na kila msimu wa baridi riziki yangu inatoka kwenye bonde hilo. Aliyekulia Tunduma hahitaji kuelezwa maana ya mji wa mpakani. Kwetu mtu anavuka barabara kwenda Nakonde kununua unga, anamsalimia shangazi, anarudi Tanzania kulala, na katikati ya hayo kuna foleni ya malori isiyo na mwisho. San Luis niliielewa tangu siku ya kwanza. Uzio tu ndio ulionishangaza, maana ule wa kwao ni wa chuma na ni mrefu kupita nyumba.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mvua ya mwaka mzima Yuma haifiki milimita 100. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeitaja kuwa sehemu yenye jua jingi kuliko zote lilizopima: zaidi ya saa 4,000 kwa mwaka. Julai 1995 kipimajoto kilipanda hadi nyuzi 51 za Selsiasi. Ukitoka nje ya eneo la mifereji unakuta mchanga na vichaka vya miiba, na upande wa California kuna matuta ya mchanga ambayo hadi mwaka 1926 magari yaliyavuka juu ya barabara ya mbao. Halafu unakata kona moja, na mbele yako kuna shamba la kijani lililonyooka kama meza, mistari yake inakwenda hadi macho yanachoka.

Unyoofu ule haukuja wenyewe. Wakulima wa hapa husawazisha mashamba kwa trekta zinazoongozwa na mwale wa leza, hadi maji yakifunguliwa upande mmoja yatambae taratibu kwenye mitaro yote bila kutuama popote. Mbegu huoteshwa kwa mabomba ya kunyunyizia, kisha mabomba huondolewa na kazi huachiwa mitaro. Mkulima wa hapa hatazami mawingu, bali huagiza maji, kama mtu anavyoagiza mzigo. Maji yaliyofunguliwa bwawa la Parker huchukua siku tatu hivi kufika bwawa la Imperial, mahali mifereji ya Yuma inapoanzia. Kwa hiyo anayetaka kumwagilia Ijumaa lazima awe amepiga hesabu yake mapema.

Chanzo cha maji yote hayo ni mto Colorado, unaoanzia kwenye theluji ya milima ya Rocky. Watu wa kwanza kulima kando yake ni makabila ya Waquechan na Wacocopah, ambao wapo hapo hadi leo. Walisubiri mto ufurike, maji yakipungua wakapanda mahindi, maharage na matikiti kwenye tope lililobaki. Serikali ya Marekani ikaja na sheria ya mwaka 1902 ya kunyweshea nchi kavu. Bwawa la Laguna likakamilika mwaka 1909. Miaka mitatu baadaye wahandisi wakamaliza kazi ninayoipenda kuliko zote za huko: walichukua maji upande wa California, wakayapitisha kwenye handaki chini ya mto wenyewe, yakaibukia upande wa Arizona. Mto unapita juu, mfereji unapita chini yake, na umefanya hivyo tangu 1912.

Kwa kuwa walifika mapema, wakulima wa Yuma wana haki ya maji iliyo kongwe. Sheria ya magharibi ya Marekani humtanguliza aliyeanza kutumia. Ndiyo maana mwaka 2021 serikali ilipotangaza kwa mara ya kwanza upungufu rasmi wa maji ya mto Colorado, makali yaliwaangukia wakulima wa katikati ya Arizona, na Yuma ikaendelea kupanda. Miji inayokua, Phoenix yangu ikiwemo, inaitazama haki hiyo kwa jicho la husuda. Ukiongea na mkulima wa Yuma juu ya jambo hili sauti yake hubadilika. Atakuuliza kama watu wa mjini wanadhani saladi huota dukani.

Upande wa pili wa uzio hadithi ya mto ni nyingine. Mkataba wa mwaka 1944 unaipa Meksiko sehemu yake, lakini sehemu hiyo karibu yote huchepushwa kwenye bwawa la Morelos kwenda mashambani, na chini ya hapo mto huwa mchanga mtupu. Kuna daraja kubwa San Luis Río Colorado, mji pacha wa upande wa Meksiko, lililojengwa juu ya mto ambao kwa kawaida haupo. Masika ya mwaka 2014 nchi mbili zilikubaliana kuachia maji kwa wiki chache ili kuponya delta. Maji yalipofika chini ya daraja lile, mji mzima ulishuka. Watu walileta viti, nyama za kuchoma na ngoma. Walikuwepo vijana wakubwa ambao hawakuwahi kuuona mto ambao mji wao umebeba jina lake. Kila mtu wa pale niliyepata kuzungumza naye anakumbuka wiki zile, na wengi wana picha kwenye simu, watoto wamezama hadi kiunoni.

Sasa watu, maana maji peke yake hayakati saladi.

Kuanzia saa saba usiku, taa zinawaka San Luis Río Colorado. Saa nane foleni ya waendao kwa miguu imeshafika mbali kutoka langoni. Wengi wao ni raia wa Marekani au wana kibali cha kudumu cha kuishi na kufanya kazi huko, ila wanalala Meksiko kwa sababu kodi ya nyumba ni nafuu na ndugu wako huko. Wengine wameletwa na waajiri kwa viza za msimu. Wamejifunika sweta za kofia, vitambaa shingoni, wamebeba chakula kwenye vipoza vidogo vya plastiki. Wakishavuka, upande wa Arizona wanakuta wauza kahawa na mabasi. Mabasi hayo ni yale ya zamani ya shule, ambayo rangi ya manjano imefutwa kwa nyeupe, na kila basi linavuta nyuma yake tela dogo lenye vyoo. Wanyapara wanaita majina. Mtu anaingia, anaegemea dirisha, analala tena.

Yaani siku ya kazi ya mtu huyu imeanza saa saba usiku, na malipo yake yanaanza kuhesabiwa jua likichomoza. Nimewauliza wengi kama saa zile za foleni zinalipwa. Wananitazama kama nimeuliza kama ndoto hulipwa.

Januari kuna asubuhi ambazo hata jua likitoka kazi haianzi. Jangwa usiku hupoteza joto lake lote, na mara nyingine majani hulala yameganda barafu nyembamba. Jani lililoganda ukiligusa linavunjika, na baadaye linageuka kahawia ndani ya boksi. Basi kikosi kizima kinasimama kando ya shamba, mikono mifukoni, kikisubiri barafu iyeyuke, na sisi madereva nyuma yao tunasubiri mzigo. Katika kusubiri huko ndiko nilikojuana na mzee mmoja mkata saladi. Kihispania changu ni cha barabarani, Kiingereza chake ni cha shambani, tukakutana njiani. Alianza kazi hii akiwa kijana. Anaongea juu ya visu jinsi fundi cherehani anavyoongea juu ya mikasi.

Barafu ikishayeyuka, sikia kelele. Mashine moja pana yenye mabawa inatambaa shambani mwendo wa kobe, muziki wa Sonora unapigwa kwa spika, na nyuma yake watu wamejipanga mstari. Mkataji anainama, kisu kinapita chini ya kichwa cha saladi, anapunguza majani ya nje, anakitia kwenye mfuko, anakiweka juu ya bawa la mashine, ameshainamia kingine. Mpakizi anajaza katoni, vichwa 24 kila moja. Wengine wanazipanga juu ya tela la trekta. Hakuna anayesimama wima kwa muda wa kutosha kumtambua sura. Watu husema ni kazi isiyohitaji ujuzi. Nilijaribu mara moja kwa mzaha, mzee akanipokonya kisu kwa upole baada ya kichwa cha pili.

Usafi umekuwa jambo zito, na una sababu yake. Mwaka 2018 saladi ya aina ya romaine kutoka eneo la Yuma ilisambaza bakteria hatari wa E. koli. Watu 210 katika majimbo 36 waliugua na watano walikufa. Wachunguzi walimkuta bakteria yuleyule kwenye maji ya mfereji. Tangu hapo kanuni za maji zimekazwa, na mtu akikuta kinyesi cha ndege katikati ya tuta, eneo linawekewa alama na halivunwi. Hata mimi nakaguliwa. Bila hati ya kuonyesha kwamba trela limeoshwa, na bila friji kuwa tayari imeshuka karibu na nyuzi moja, langoni sipiti.

Kabla mzigo haujafika kwangu unapita kwenye chombo kinachostahili kuelezwa. Saladi iliyotoka jua la jangwani ina joto ndani ya kiini chake, na ukiitia friji hivyohivyo itachukua saa nyingi kupoa, ikinyauka. Kwa hiyo katoni huingizwa kwenye pipa kubwa la chuma, mlango unafungwa, pampu zinafyonza hewa yote. Hewa ikiisha, maji huchemka hata kwenye ubaridi. Unyevu kidogo wa kwenye majani unageuka mvuke, na mvuke ukiondoka unaondoka na joto. Nusu saa hivi, mlango unafunguliwa, saladi ni baridi hadi katikati. Kutoka hapo ni juu yangu: kilomita 3,000 hivi hadi Chicago, sheria ikinipa saa 11 tu za usukani kwa siku. Siku tatu, na friji haizimwi hata nikiwa nimelala.

Katika ofisi za upakiaji nimeshuhudia karani akishika simu mbili. Kwenye moja anamweleza mnunuzi wa Kanada kwa Kiingereza safi kwamba bei imepanda. Kwenye nyingine anamfokea mnyapara kwa Kihispania kwamba katoni zimechelewa. Na mimi ananionyesha kwa kidole mlango wa kuegesha. Hachanganyi. Watoto wa San Luis wako hivyohivyo. Wanabishana kwa Kiingereza njiani kutoka shule, wanaingia dukani na kumwamkia mama muuzaji kwa Kihispania, bila kufikiri. Mabango, matangazo ya kanisa, redio, menyu, vyote viko kwa lugha zote mbili, na Kihispania mara nyingi kinatangulia.

Lakini sheria ya jimbo ina mtazamo wake. Mwaka 2000 wapiga kura wa Arizona walipitisha sheria ya kubana ufundishaji wa lugha mbili shuleni, na mwaka 2006 wakakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mwaka 2012 jambo hili lilitua San Luis kwa kishindo. Mwanamke mmoja aliyesomea sekondari Yuma alitaka kugombea udiwani. Wapinzani walidai Kiingereza chake hakitoshi, wakitegemea masharti ya tangu Arizona ilipokuwa ikijiandaa kuwa jimbo, mwaka 1910. Akapimwa, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Arizona, na jina lake likaondolewa kwenye karatasi za kura. Hayo yalitokea katika mji ambao karibu kila mpiga kura angemwelewa kwa lugha anayoiota usingizini. Nilipoisikia habari hiyo nilimkumbuka mwalimu wangu wa sekondari, aliyetufundisha kemia kwa Kiingereza mkaguzi akiwepo, na kwa Kiswahili mkaguzi akiondoka. Sisi tulifaulu kwa sababu ya zile dakika za baada ya mkaguzi.

Nani anaishi San Luis, basi? Mji ulisajiliwa rasmi mwaka 1979. Mwaka 1990 haukuwa na watu 5,000. Sensa ya 2000 ilikuta zaidi ya 15,000, na ya 2020 ikakuta zaidi ya 35,000. (Takwimu hizo zina wafungwa ndani yake, maana gereza kubwa la jimbo liko kwenye mipaka ya mji, na huko Marekani mfungwa huhesabiwa pale anapofungiwa.) Mimi naona mlango wa ukuaji huo ulifunguliwa na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1986, iliyowapa karatasi vibarua wa mashamba zaidi ya milioni moja nchi nzima. Mtu aliyekuwa akivuka peke yake akaweza kuleta mke na watoto, na akaleta karibu na kazi, mahali ambako anaweza bado kwenda kwa mama yake kwa miguu siku ya Jumapili. Mitaa mipya imejipanga mashariki kwenye mchanga, nyumba za rangi ya udongo zenye milango ya gereji. Lango la malori nalo lilihamishiwa nje ya mji mwaka 2010. Kwangu hiyo ilikuwa neema, kwani katikati ya mji trela halina pa kugeuzia.

Msafiri mwingine wa msimu wa baridi ni mzee wa kizungu kutoka kaskazini. Wanakuja kwa makumi ya maelfu na nyumba zao za magurudumu, wanaegesha Yuma hadi Machi. Meno yakiwauma wanavuka Los Algodones, kijiji cha Meksiko chenye mamia ya madaktari wa meno kwenye mitaa michache. Alfajiri Wameksiko wanaingia Marekani kukata saladi. Saa nne asubuhi Wamarekani wanaingia Meksiko kuziba meno. Foleni zote mbili ni ndefu, ila moja ina viti.

San Luis ndipo alipofia César Chávez, mmoja wa waanzilishi wa chama cha vibarua wa mashamba. Alizaliwa karibu na Yuma mwaka 1927, familia yake ikapoteza ardhi kwenye mdororo mkuu wa uchumi na kuwa vibarua California. Aprili 1993 alikuwa amekuja kutoa ushahidi katika kesi iliyofunguliwa na kampuni ya saladi dhidi ya chama chake. Alilala kwenye nyumba ya rafiki, San Luis, hakuamka.

Mwisho wa Machi bonde linafunga. Mashine zenye mabawa zinapakiwa kwenye malori, viwanda vya kuosha na kufunga vinafunguliwa vipandevipande, vyote vinapelekwa Salinas, pwani ya California, ambako msimu wa saladi unaanza. Baadhi ya wakataji wanaufuata. Wengine wanakwenda kwenye zabibu za Coachella. Wanaobaki wanaingia kipindi kigumu: wilaya ya Yuma ni kati ya zinazoongoza Marekani kwa watu wasio na kazi, na miezi ya joto ndiyo mibaya zaidi. Mashamba yenyewe hayalali. Yanapandwa matikiti, pamba, na ngano ngumu ambayo husafiri hadi Italia kutengenezwa tambi.

Na kuna tende. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kuangalia Oman na Iraki kwa tende, na Ramadhani ya kwanza Phoenix nilishangaa kuona boksi msikitini limeandikwa Yuma. Waliokaa kwenye mkeka ule, Wasomali, Wakongo, na sisi wachache wa Tanzania, tulizila bila kujua kwamba mti wake nao ulikuja kama mgeni. Mwaka 1927 mtaalamu wa Kimarekani, Walter Swingle, alichukua machipukizi 11 ya mtende wa Medjool kutoka Moroko, ambako ugonjwa ulikuwa unaiua mitende. Yalitengwa kwenye karantini Nevada, yakapona tisa. Uzao wake ulifika eneo la Yuma katika miaka ya 1940, na leo kuna misitu mizima ya mitende kando ya mto. Mtende mmoja hufuatwa juu mara kadhaa kwa mwaka: kupakwa chavua ya dume kwa mkono, kupunguzwa matunda, kufunikwa mifuko, na mwisho kuvunwa, Agosti hadi Oktoba, joto likiwa halijapungua.

Ni kazi ya juani, lakini hufanywa umesimama, juu ya jukwaa linaloinuliwa na mashine. Rafiki yangu mkata saladi ameanza kuiulizia. Magoti yake yamechoka kuinama, na Salinas hataki tena kwenda. Mnyapara wa mitende amemwambia aache namba ya simu, orodha ya wazee wa saladi wanaotaka tende ni ndefu, na wengi wao wanatoka mtaa uleule anaokaa yeye.